Walinichagua amiri wa safari ya baskeli, Ibra mpaka Sur

Wakuu, amani kwenu. Wakubwa zangu humu shikamooni, wadogo nawapokea.

Mimi ni mzee wa Ibra, Oman, mzaliwa wa Unguja. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Sitatia chumvi, na palipo na kosa langu nitasema ni langu.

Naanza na kosa lenyewe. Waliponiambia "wewe ndiye amiri wetu", nilitakiwa nikatae. Nikakubali, tena kwa furaha.

Kwa wasiojua: kwetu watu watatu wakisafiri humchagua mmoja kuwa amiri. Akisema tusimame, mnasimama. Akisema twende, mnakwenda. Ndiyo adabu ya safari, na watu wa rika letu wanaishika kwelikweli.

Tulikuwa watatu. Nassor, mkubwa wetu, mwalimu wa hesabu mstaafu, mtu wa maneno machache. Seif, aliyestaafu wizarani, tumbo mbele, mdomo haufungi. Na mimi, mdogo wao, zamani karani wa stoo ya serikali. Sote tulijifunza baskeli Ng'ambo, Unguja, tukipitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti hatukifikii.

Uzeeni tukairudia. Asubuhi tunazunguka Ibra, tukimaliza tunakaa kwa Nassor, kahawa na tende, na Kiswahili mpaka adhuhuri.

Hapo ndipo tulipopanga njia: Ibra, Bidiya, Al Kamil, Jalan, Ras al Jinz, kisha Sur. Msimu wa baridi, mizigo nyuma, bila gari la kutufuata. Hilo la gari nililikataa mimi, kama amiri.

"Yakhe, na tumbo hili?" Seif akauliza.

"Tumbo litatangulia Sur," Nassor akamjibu. "Sisi tutalifuata."

Wakuu, safari ilikuwa tamu, na sioni haya kusema niliiongoza vizuri. Pancha naziba mwenyewe. Maji nagawa mwenyewe. Nje ya Bidiya mchanga mwekundu umelala upande mmoja wa barabara, ngamia wanatutazama kama sisi ndio tuliopotea njia.

Kila kijiji watu wanatoka nje: "Tafadhalu," yaani karibuni, "kahawa!" Watoto walidhani sisi ni wazungu, kwa zile helmeti, mpaka tulipotoa salamu. Mzee mmoja wa Al Kamil alimuuliza Seif kama watoto wake wamemnyima gari. Seif akasema, "Wamenipa gari, wamenificha ufunguo."

Nassor alicheka mpaka akasimamisha baskeli.

Sasa nitoe somo dogo la baskeli. Masafa marefu hutia ganzi mikono, kwa kuegemea usukani. Mimi ilinipata karibu na Al Kamil. Unalegeza vidole, unabadilisha mshiko, inaondoka. Kila mwendesha baskeli anaijua.

Nimelieleza hilo makusudi.

Jalan Bani Bu Hassan tulilala kwa mpwa wake Nassor. Asubuhi, wakati wa kufunga mizigo, nikamwona Nassor anahangaika na kamba. Fundo linamponyoka. Anaanza tena, linamponyoka.

"Amiri," akaniambia, "mkono huu wa kulia umekufa ganzi. Naomba ruhusa. Nibaki hapa, mpwa wangu atanileta Sur kwa gari."

Nikamjibu, "Mwalimu mzima unaogopa ganzi? Ni usukani huo. Legeza vidole. Ruhusa utaikuta Sur."

Seif akacheka. Nassor naye akacheka kidogo, akasema, "Haya. Amri ya amiri."

Nikamfungia kamba mimi, akapanda.

Hapa nisijifiche, wakuu. Nassor hakuwa mtu wa kuomba. Tulipopambana na upepo wa mbele siku nzima hakuomba hata kupumzika. Nililijua hilo. Lakini nilikuwa nimeshatangaza kwenye grupu la WhatsApp la familia kwamba tunaingia Sur sote watatu, na picha ya sisi watatu Sur niliitaka.

Angekuwa amiri ni Seif, Nassor angembishia. Angekuwa amiri ni yeye mwenyewe, angebaki Jalan. Mimi nilikuwa mdogo wake, na alitaka kunionyesha kwamba ananiheshimu.

Tulikuwa hatujafika Ras al Jinz, jua la adhuhuri. Nilikuwa mbele. Seif akapiga kelele.

Nilipogeuka, Nassor alikuwa ameacha lami pole pole, kama mtu anayekwenda kuegesha. Baskeli ikaingia mchangani, ikalala naye. Hakuumia popote. Ila upande wa kulia wa uso ulikuwa umeshuka, na alipotaka kusema, maneno yakatoka kama ana tende mdomoni.

Bwana mmoja mwenye pikapu ya majani ya mbuzi akatubeba mpaka hospitali. Daktari akauliza: imeanza lini?

Seif akanitazama.

Nikasema, "Asubuhi. Mkono. Aliniambia mimi."

Daktari hakunilaumu. Alieleza tu kwamba ni kiharusi, na kwamba ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani, lakini hupewa mgonjwa saa za mwanzo, na saa hizo zimepita.

Alhamdulillahi, Nassor yuko hai. Anatembea kwa fimbo, anakunywa kahawa yake. Watu wananifariji kwamba hata angebaki Jalan kiharusi kingempata. Kweli, kingempata. Lakini kingempata nyumbani kwa mpwa wake, gari mlangoni.

Ninalowaambia ni hili. Ukipewa uongozi juu ya mtu aliyekuzidi umri, akija kukuomba ruhusa, mpe kwanza, utani baadaye. Na mkono mmoja ukifa ganzi, fundo likashindikana, usijifanye bingwa wa baskeli. Mpeleke hospitali.

Wenye ndugu waliopigwa na kiharusi, nambieni humu mliwasaidiaje kurudisha maneno. Wa kunisema pia semeni, nitasoma yote.

Kwani ugonjwa ule ulichagua cha kuchukua. Kiarabu cha Nassor kimerudi, kwa kusitasita. Kiswahili hakikurudi. Nikimsemesha ananielewa, anatabasamu kwenye utani wa Ng'ambo, kisha ananijibu kwa Kiarabu.

Seif amehamia kwa mwanawe Maskati. Mke wangu ni wa Nizwa, Kiswahili hakijui. Wanangu wanajua shikamoo na majina ya vyakula.

Asubuhi bado nakwenda kwa Nassor. Kahawa ipo, tende zipo. Mtu wa mwisho Ibra aliyekuwa akinijibu kwa lugha ya mama yangu, nimempoteza kwa ajili ya picha.