Mume Wangu na Chombo cha Angani

Mume wangu ana mchezo wa vita vya angani kwenye simu, na kabla ya kila vita lazima achague chombo. Siku tuliyokwenda kumtembelea dada yake kijijini Mwamgongo, alitoka nyumbani Mwanga hadi ufukweni mwa ziwa ameinamia simu, akivikagua vyombo kama mtu anayechagua mchumba. Hiki ngao yake nyembamba. Kile kinabeba askari wengi mno, kikipigwa wanakwisha wote. Nilimshauri achukue chekundu, akanitazama kana kwamba nimemtukania ukoo wake.

Boti ikaja, imejaa watu, magunia na magodoro mpaka maji yanalamba ukingo. Baharia alikuwa akichota maji ndani kwa kidumu kilichokatwa, akiyarudisha ziwani.

"Baba watoto, tunapanda hii kweli? Maboya yako wapi?"

Hakuinua hata kichwa. "Panda, mama. Boti zote ndivyo zilivyo."

Nikapanda, nikakaa juu ya gunia la mtu. Tukiwa mbali na nchi kavu, viatu vyangu vimeshalowa, mwenzangu akanigonga bega kwa furaha. Hatimaye amekipata: chombo ambacho hata kikitobolewa, hafi mtu.