Njia ya Voi Ndani ya Mawingu

Rafiki yangu alizaliwa chumba cha nyuma ya duka, Changamwe, nami nilizaliwa nyumba ya pili kutoka hapo. Wazee wake walikuwa Wahindi Waislamu, lakini Kiswahili alikinyonya pamoja nasi, na mamangu akimwita aliitika "Labeka" kama sisi wanawe. Babake alifariki sisi tungali chuoni tukisoma juzuu za Kurani, na tangu hapo duka likawa mikononi mwa mamake: mchele, mafuta ya taa, sabuni za miche, leso.

Vita vikuu vya pili vilinichukua mimi. Jeshini nikafunzwa simu ya upepo, ile redio ya kuitana, na vilipokwisha nikapata kazi kiwanja cha ndege cha Port Reitz, ndani ya kibanda cha mawasiliano, chini ya mkuu wa Kizungu asiyependa makelele. Rafiki yangu alibaki dukani miaka yote ile, akitazama ndege za jeshi zikipita juu ya paa lao. Mjomba wake alipomuuliza angependa kusomea nini, alisema urubani. Jamaa walicheka. Mamake hakucheka. Alingoja wageni waondoke, kisha akamwambia, "Kama ni lazima, basi ujifunze sawasawa."

Akaanza kujifunza pale pale kiwanjani kwetu; kuinua ndege na kuishusha hakukumpa taabu. Kilichomtoa jasho ni kuruka bila kuona nje. Mwalimu wake, rubani aliyerudi kutoka vitani, alikuwa akimfunika kwa turubai dogo asione ila zile saa za vipimo na mishale yake mbele yake.

"Mwili ni mwongo," aliniambia siku moja, bado shati limemganda mgongoni. "Ndege imelala upande, nami wallahi nadhani nimekaa wima. Mwalimu asema mwili usiusikilize, uisikilize mishale."

Basi akawa anakuja barazani kwetu baada ya sala ya alasiri, anafumba macho, nami namsomesha. Mimi ndiye kituo, yeye ndiye rubani.

"Umepewa ruhusa. Wafanya nini?"

"Naiweka saa ya kimo kulingana na hewa ya leo. Nalinganisha dira. Naishika dakika niliyoondoka."

"Umeinuka."

"Nakwenda mbele moja kwa moja. Sipindi hata kidogo mpaka nifike kimo nilichopewa. Kisha napinda taratibu, nashika njia ya Mazeras, nakwambia nimeondoka."

"Halafu?"

"Kila mahali ninapopita nakwambia nimepita saa ngapi, niko juu kiasi gani, na pa mbele nitafika saa ngapi. Saa hiyo ikipita kimya, wewe wanitafuta."

Mamake alitukuta hivyo mara moja, mwanawe amefumba macho na mikono imeshika usukani usiokuwapo. Akauliza huu ni mchezo gani kwa watu wenye ndevu. Tulimwambia ni masomo. Akatuachia sahani ya kaimati akaenda zake.

Safari yake kubwa ilikuwa ya Nairobi, pamoja na mwalimu, yeye ndiye akiongoza. Ulikuwa msimu wa vuli. Asubuhi walipita kibandani kuuliza hali ya hewa, mkuu akawaeleza kuwa mawingu yametanda toka Mazeras hadi ng'ambo ya Voi, lakini Nairobi ni kweupe. Mwalimu akafurahi. Alisema leo turubai halina kazi.

Rafiki yangu alinipa mkono mlangoni. Alikuwa amevaa shati jipya ambalo mamake alimshonea, kola imemkaba.

Waliondoka vizuri. Niliiona ndege ikienda mbele bila kuyumba, ikapinda pale ilipopaswa, ikaingia mawinguni. Akaripoti kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa, sauti yake imetulia. Mazeras akaripoti. Mackinnon Road akaripoti, akataja kimo chake na saa atakayofika Voi. Nikamjibu nimesikia. Akaongeza kwa Kiswahili, jambo ambalo halikuruhusiwa, "Ndugu yangu, huku sioni hata pua ya ndege." Mkuu alinitazama, akatabasamu kidogo.

Saa ya Voi ikafika, ikapita. Nikamwita. Kulikuwa na mkwaruzo tu masikioni. Nikasubiri kidogo kama utaratibu unavyosema, nikamwita tena, na tena. Mkuu akavua kofia, akachukua kipaza sauti akamwita yeye mwenyewe. Akapiga simu stesheni ya reli ya Voi. Wakajibu hawajaona ndege wala kusikia mvumo. Nairobi nao hawakuwa wamesikia neno. Tuliendelea kuita mpaka mkuu akatazama saa ya ukutani akasema kwa upole kuwa mafuta yao sasa yamekwisha, popote walipo.

"Mamake yu hapa karibu?" akauliza.

"Yuko karibu."

"Basi nenda wewe. Asisikie kwa mtu mwingine."

Nilimkuta anampimia mtu mchele. Aliponiona mlangoni mkono wake ulisimama juu ya mizani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uko hapa na kazi yako haijesha?"

Nikamwambia hawajafika, wala hawasikiki, na watu wameanza kuwatafuta. Akamalizia kupima, akamfungia mteja mchele wake. Kisha akaketi sakafuni nyuma ya meza, na hapo ndipo niliposikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu.

Watu wa Sagala, karibu na Voi, ndio waliowaona, wote wawili maiti, kwenye mteremko wa mlima wao, mawingu yalipopanda. Wengine walisema upepo wa kaskazi uliwasukuma nje ya njia, wengine kwamba walishuka wakidhani wamekwisha pita milima. Hakuna aliyejua, na mimi sijui mpaka leo. Maiti ya rafiki yangu ililetwa kwa garimoshi. Nilishika jeneza upande wa kichwa. Lilikuwa jepesi, na wepesi ule ndio ulionivunja.

Arobaini ilipokwisha mamake aliniita. Duka lilikuwa wazi lakini halina mteja.

"Yale masomo yenu ya barazani," akasema, "nisomeshe na mimi."

Nikadhani sikusikia vyema. Akarudia. Nikaanza: saa ya kimo, dira, kwenda mbele bila kupinda. Alinisimamisha kila asipofahamu. Kwa nini asipinde mapema? Nikamweleza kwamba chini kuna miti na nyumba. Alijuaje kuwa yuko Mazeras? Kwa saa na mwendo, mama. Tukafika Mackinnon Road nikanyamaza.

"Endelea," akasema.

"Hapo ndipo alipofika, mama."

"Najua alipofika. Mimi nataka safari yote."

Nikaendelea. Nikampitisha Voi, nikampitisha Mtito Andei, nikamwambia kwamba baada ya hapo mawingu yangepasuka na angeona nyika ya Athi chini yake, na pundamilia. Angeita Nairobi, wangemjibu. Angepunguza mwendo, angeshuka kidogo kidogo, magurudumu yangegusa.

"Angekuwa na njaa," mamake akasema.

"Ndiyo, mama."

Akajifuta uso kwa pindo la mtandio. Kisha akanishukuru kwa adabu, kama mtu anayemshukuru mgeni, akaingia ndani.

Mwaka uliofuata aliuza duka akahamia kwa nduguye, Mishomoroni. Nilimzuru kila Idi mpaka alipofariki, na hatukuzungumza tena habari za ndege. Kazi sikuiacha. Wanafunzi wengine walikuja, wengi wao vijana wa Kizungu, na sauti zao zilipopita Mackinnon Road niliwajibu nimesikia. Wakiripoti wamepita Voi, nilikuwa nasimama kwanza, natoka nje ya kibanda kuyatazama mawingu, ndipo narudi kukaa.