Mifuko ya Koti la Mdogo Wangu

Kazi yangu siku hizi ni kuzunguka Kasulu na Kibondo kwa pikipiki, nikiulizia watu waliokufa kwa kuzidisha vidonge, ili mradi wa afya ujue vifo hivyo vinaelekea wapi. Akina baba hunijibu ni malaria, au karogwa. Kwa hiyo huwauliza wanawake waliofua nguo za marehemu wakati wa matanga, maana wao ndio wanaopekua mifuko.

Mwanzoni walikuta pakiti tupu za vidonge vya maumivu Kasulu mjini tu. Baadaye zikaonekana kwenye vijiji vya barabarani, kila safari karibu zaidi na Kibondo. Mimi nisiyetulia mahali nikaanza kukumbuka nyumbani Kibondo kwa woga, kwa sababu mdogo wangu anaendesha bodaboda huko.

Wiki iliyopita nilimkuta uani asubuhi, jasho likimtiririka kwenye baridi ile, macho mazito.

“Dogo, lete koti nikufulie.”

Akacheka. “Wewe, braza? Hata soksi zako alikuwa anafua mama!”

“Lete tu.”

Kicheko kikakatika. Akaubana mfuko wa kushoto kwa kiganja, na nikasikia kitu kikikwaruza ndani.

“Kaka, anayefuliwa nguo na ndugu ni aliyekufa. Mimi si nipo?”

Nilibaki nimenyoosha mkono, nikiogopa kuurudisha. Pikipiki yangu bado imeegeshwa pale uani. Sijathubutu kuondoka.