Ekseli ya Kunipeleka Kwetu

Pikapu ya mume wangu ilivunjika ekseli ya nyuma nikiwa na mimba ya miezi saba, na kwa desturi yetu Pemba huo ndio wakati mwanamke mwenye mimba ya kwanza hupelekwa kwao. Mtoto wa kwanza hazaliwi kwa mume. Utalala chumbani kwa mama yako, utapikiwa uji na mama yako, na uchungu ukija atakayekushika kiuno ni mama yako. Mie nilikuwa Mkoani, mama yangu alikuwa Konde, kisiwa kizima kati yetu, na gari imepandishwa juu ya magogo uani.

Magari mengine yalikuwapo, sikatai. Lakini ilikuwa miaka ile ya siasa, kabla ya uhuru, watu wanagawana hata mabasi. Wa upande huu hapandi basi la upande ule, dukani kwao haingii, kisimani kwao hateki maji, na maiti wao hamziki. Baba yangu alikuwa upande mmoja, mume wangu upande wa pili, na tangu watupiane maneno kwenye harusi ya watu walikuwa hawasemezani. Mie hakuna aliyeniuliza niko upande gani. Nilikuwa upande wa mama. Mume wangu akaapa kwamba atanipeleka kwa gari yake mwenyewe, na gunia la mchele nyuma, ili mkwe wake asipate la kusema.

Na dawa ilijulikana. Baba naye alikuwa na pikapu ya aina ile ile, rangi tu ndiyo mbali. Walizinunua msimu mmoja wa karafuu, siku hizo bado wakisifiana. Ya baba iliungua injini, ikaegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mama akanitumia salamu kwa bibi mmoja muuza mikeka: "Mwambie mumeo gari ya babaako imekufa mbele tu. Nyuma nzima."

Nilimfikishia.

"Heri nende kwa miguu," akasema.

"Wewe utakwenda. Na mie je?"

Mkataa pema pabaya panamwita, na yeye aliitwa akaitika haraka. Akaanza kutafuta ekseli nyingine. Kipimo hakuwa nacho, basi nikatoa kanga yangu, tukaitandaza juu ya ekseli iliyovunjika, na pale chuma kilipoishia tukafunga fundo. Kanga ile ikasafiri naye hadi Wete. Kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliikuta ekseli ya gari ndogo, safi, imepakwa mafuta, akaipenda. Akaitandazia kanga: ikapungua shubiri nzima. Alirudi amenuna, na kanga yangu imeshaanza kunuka grisi.

Ya pili aliipata pale pale Mkoani, ya motokaa iliyokuwa ikimwendesha mkubwa mmoja wa serikali. Kanga ikafika kwenye fundo barabara. Boliti za magurudumu zikaoana, springi zikakaa mahali pake. Fundi alimwonya, akigonga difu, lile bonge la katikati lenye meno ndani: "Hino meno yake ya gari ya mbio, haitaki mzigo wala vilima." Mume wangu katika maneno yote hayo alisikia moja tu, mbio. Akaifunga.

Mpaka kazi iishe tumbo langu lilikuwa limeshuka. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na hasira, na vyote viwili nilivipakia kwenye ile gari pamoja na gunia la mchele.

Tambarare tulikwenda kama tumefukuzwa. Mume wangu akaanza kupiga mluzi. Kisha tukafika kwenye vilima, na gari ikakohoa, ikatetemeka, ikasimama. Gia ya kwanza haikuweza. Pikapu ikaanza kurudi chini taratibu, na mluzi ukakoma.

"Imechoka tu," akasema.

"Haijachoka. Haitaki."

Gia yenye nguvu kuliko zote ni ile ya kurudi nyuma. Akaigeuza gari chini ya kilima, akatoa kichwa dirishani, akaanza kupanda kinyumenyume. Tukapanda! Kutoka hapo kila kilima kilikuwa vivyo hivyo: tunageuka, tunapanda tukiitazama njia tuliyotoka, juu tunageuka tena. Wanawake walioanika karafuu kando ya barabara waliyavuta majamvi yao mbio, wakituangalia wasiamini. Mie nilicheka mpaka nikashika tumbo, na nilipolishika ndipo nilipojua kuwa si kicheko peke yake. Uchungu ulikuwa umeanza.

Nyumba ya baba iko juu ya kimlima, nje kidogo ya Konde. Kwa hiyo mume wangu, aliyeapa kuingia pale kwa heshima zake, aliingia uani kwa mkwe wake kwa kutanguliza nyuma.

Baba alikuwa barazani. Hakutusalimu. Aliinama akachungulia chini ya gari.

"Ekseli hino si yake," akasema. "Mlipima kwa n'ni?"

Nikaitoa kanga dirishani, na fundo lake, na grisi yake.

Baba aliitazama, mabega yakaanza kumcheza. "Kanga haihesabu meno ya difu, mwanangu," akasema, kisha akaniona uso, akamwita mama kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake.

Mama alinishika kiuno. Nilikuwa nimefika, hayo mengine yote nilimwachia Mungu. Nje, kwenye pikapu ya baba, nikasikia vyuma. Kwanza yalikuwa maneno ya kazi tu, "spana", "inua", "shika hapa", na kuku wanalalamika kwa kufukuzwa kwenye kiti chao. Kila nilipopiga kelele vyuma vilinyamaza. Nikitulia, vinaanza tena, polepole.

Mtoto alipolia, walikuja mlangoni wote wawili, weusi mpaka viwikoni. Sikioni mwa mtoto huadhini baba yake, ndiyo haki yake. Mume wangu akasema, "Baba, tangulia wewe."

"Huyo wako," baba akasema.

"Wako pia."

Mama akafoka kwamba hawamgusi mjukuu wake na grisi ile, waende kisimani wakanawe kwanza.

"Waache, mama," nikamwambia. "Wakifika kisimani watakumbuka siasa."