Siku Idi Alipotoka Nyambizini

Mkitaka kucheka chekeni, lakini aibu niliyoipata pale kwangu Ladywood, mbele ya majirani, na mimi mzee mzima na ndevu zangu, mpaka leo ikinijia nainamisha kichwa nikiwa peke yangu jikoni.

Mwanangu Idi, mzaliwa wa hapa hapa Birmingham, alikuwa baharia kwenye nyambizi ya kivita, zile za nyuklia zinazozama miezi bila kuibuka. Sisi tuliruhusiwa kumpelekea maneno machache tu kila wiki, naye hana njia ya kujibu. Kabla hajaondoka aliulizwa: kukitokea msiba nyumbani, uambiwe huko huko au ukirudi? Akasema akirudi. Basi mama yangu akafariki, tukamzika, Idi yuko chini ya maji hana habari.

Siku ya kurudi nikaenda kumpokea stesheni, nimeazimia kumwambia pale pale, lakini alivyotokea anacheka, amepauka kwa kukosa jua (nilimwonea huruma, ndiyo kosa langu), nikasema moyoni, acha tufike nyumbani. Kwenye teksi akauliza, "How's Bibi?"

Ulimi ukaniteleza. "Amelala."

Kumbe nyumbani wageni tuliowaalika waje jioni kumkaribisha walishafika mapema, na mke wangu Zuhura anadhani nimeshamwambia mtoto. Tunafungua mlango, sebule imejaa, watu wanainuka, "Karibu, Idi!" Idi akaweka kidole mdomoni.

"Shh! Bibi amelala," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akavua viatu, akanipa nimshikie, akapita katikati yao akinyata, na mkononi ana shali aliyomnunulia bibi yake.

Macho yote kwangu. Jirani yetu Mama Saumu akaninong'oneza (na mnong'ono wake unasikika mpaka mtaa wa pili, Winson Green), "Baba Idi, kwani hujamwambia?"

Idi alishafungua chumba cha bibi yake. Kitanda kitupu, godoro limeegemezwa ukutani. Akageuka. "Dad, where is she?"

"Tumemzika, mwanangu," nikasema, mbele ya sinia za pilau na watu wote wale, na nikalia mimi kabla yake. Idi akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa ile shali. Zuhura ndiye aliyekwenda kumshika. Mimi nimeganda na viatu vyake mkononi, wageni wananipita mmoja mmoja kutoka, hawajui wanipe pole au wanilaumu.

Tangu siku hiyo nimeapa, habari ya kifo siisafirishi tena. Nitaisema pale pale tulipokutana, hata kama ni njiani, hata mvua inanyesha, ili anayelia alie mbele yangu mimi tu.