Niliitoa Folda, Akalaumiwa Rafiki Yake

Tarehe tisa Juni mwaka jana tulimzika mdogo wangu hapa Sumbawanga. Alikufa akiamini kwamba rafiki yake wa tangu shule alimwibia. Hakumwibia! Niliyekosa ni mimi dada yake, na nilikaa kimya hadi udongo ukamfunika.

Naomba unisikilize. Mimi shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelewa.

Mdogo wangu alitengeneza kipande cha programu kinachochukua uzito kwenye mizani ya kielektroniki na kuuingiza kwenye kompyuta. Mafundi wengine, wanaotengeneza mifumo ya maghala ya mahindi, walikinunua wakakichomeka kwenye mifumo yao. Aliwapa faili lililofungwa: linafanya kazi, lakini huwezi kusoma limeandikwaje. Maandishi yenyewe yalikaa kwenye folda aliyoiita Mbegu.

"Dada, mimi nauza unga," aliniambia. "Mbegu haitoki. Hata akija padri na kanzu yake, usimpe!"

Nakala ya folda hiyo alikuwa nayo mtu mmoja tu, huyo rafiki yake. Nitamwita Deo, ingawa si jina lake.

Siku moja mdogo wangu alikuwa kijijini Mwimbi akivuna ulezi, simu haipatikani. Mimi nilibaki dukani kwetu natoa fotokopi. Akaja mteja wake mmoja, fundi, anahema.

"Dada, lile faili limegoma. Magari yamepanga foleni kwenye mizani, wakulima wanalala juu ya magunia!"

Nikafungua kompyuta ya duka, ambayo mdogo wangu aliifanyia kazi zake. Sikujua faili ni lipi. Ningesema sijui, yangeisha! Lakini yule kaka alikuwa ameshaniambia, "Kumbe wewe ndiye fundi wa hapa," na maishani mwangu hakuna aliyewahi kuniita fundi. Nikaona aibu.

"Nipe yote tu, nitachagua mwenyewe," akasema.

Nikamnakilia folda nzima, hiyo hiyo Mbegu, kwenye flashi yake. Akaniagizia soda. Niliinywa, ndugu yangu! Niliinywa nikijiona msomi.

Mdogo wangu aliporudi sikumwambia. Nilijidanganya kwamba si jambo.

Baada ya miezi michache kile kipande kikaanza kuuzwa kwa jina jingine, maandishi yake wazi, kwa bei ya kutupa. Mdogo wangu akayafungua. Ndani akakuta vijisentensi alivyojiandikia mwenyewe pembeni wakati wa kazi, vile ambavyo haviingii kwenye faili lililofungwa. Kimoja kilisema: Mama katoka hospitali leo, malizia kesho.

Akamwita Deo dukani.

"Mshikaji, hii umempa nani?"

"Sijampa mtu."

"Tulikuwa nayo wawili tu, Deo!"

"Basi nikague. Chukua hata kompyuta yangu."

"Nenda na kompyuta yako. Usirudi hapa."

Mimi nilikuwa mezani, hatua tatu kutoka kwao, nabana karatasi za mtihani kwa stepla. Deo alinitazama kama anayeomba shahidi. Nikaendelea kubana!

Wateja wakapungua, wakaisha. Kisha mdogo wangu akaugua ghafla. Siku nne, basi. Nilimuuguza zote nne, na kila alipofumbua macho nilijiambia nitamwambia akipata nafuu.

Makaburini Deo alikuja, akashika koleo atie udongo. Baba mdogo akamnyang'anya mbele ya watu.

"Umemwibia akiwa hai, leo unataka kumzika?"

Nilikuwa pale pale, nalia kwa sauti, na neno moja halikunitoka.

Wewe unayekaa kwenye kompyuta ya mwenzako, usichokijua sema hukijui. Na ukishatoa kisicho chako, sema siku hiyo hiyo, mwenyewe angali anaweza kukugombeza! Nawe unayeuza kazi kama ile, maandishi yako usiyaache kwenye kompyuta ya duka, hata kama anayekaa hapo ni dada yako.

Mwezi uliopita nilikwenda Chala, ambako Deo anatengeneza simu siku hizi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuinua kichwa.

"Alikufa anajua?"

"Hapana."

Akaweka bisibisi chini. "Na baba yako mdogo?"

"Bado sijamwambia."

"Sasa kwangu umekuja kufanya nini, dada?"

Nikarudi. Nikamwambia baba mdogo, wana ukoo wote wanasikia.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunajengea kaburi. Zege lilikuwa limeshakorogwa. Baba mdogo akasimamisha kazi, akachomeka koleo kwenye mchanga, akampigia Deo simu aje alishike. Tukasimama tunangoja, zege linaanza kukauka. Alipiga mara tatu. Mara ya tatu nayo iliita mpaka ikakatika.