Ugali wa Mbegu

Njaa ilianza mwaka 1949, nikiwa na miaka saba. Nimeikumbuka juzi nilipomwona jirani akisaga mtama wake wa mbegu, maana unga umepanda bei.

Mchana ule baba alirudi kutoka dukani Mhunze akimswaga ndama wetu yuleyule aliyekwenda naye. Mwenye duka alitaka ndama wawili kwa gunia moja la nafaka, nasi tulikuwa na huyo tu. Mama alipanda kigoda, akaangua masuke yaliyoning'inizwa juu ya moto, meusi kwa masizi, akaanza kusaga. Jiwe likanguruma. Nikaruka kwa furaha, nikidhani tunapata wageni wa harusi.

"Mama Kabula, hizo ni mbegu!" baba alifoka.

"Tukimzika Kabula, yeye ataota?"

Kabula ni mimi. Nilicheka, nikijiona nachipua majani.

Ugali ulinukia moshi, nikaomba niongezwe. Baba hakula. Mvua iliponyesha majirani walipanda, sisi tukawa vibarua wao. Hapo nikajua nilichokula.

Sikuvuka darasa la pili. Leo nina ekari thelathini, ng'ombe kumi na wanane, mashine ya kusaga, ghala la chakula na ghala la mbegu.